Kimya cha Baba na Magofu ya Kenyamonta

Marehemu baba hakuwa mtu wa kuzungumza mezani. Akishanawa, basi, kimya mpaka sahani iishe, na sisi watoto tukitamka neno tunakatwa jicho. Mwezi uliopita mama akaniambia, "Nenda Kenyamonta, kwenye monasteri alikokuwa akiwapikia watawa kabla hajanioa. Ulizia kama huko nako alikuwa hivyo, au ni chakula changu ndicho kilichomshinda." Alisema kwa mzaha, lakini hakucheka.

Asubuhi niliondoka Nyakunguru kwa bodaboda, nimejaa vumbi la barabara ya mgodini. Tulipovuka Mto Mara na kuingia wilaya ya Serengeti, mashamba ya mtama yakanituliza roho.

Kenyamonta nilipokewa na Mzee Wambura, aliyekuwa msaidizi wa baba jikoni. Nikamwamkia.

"Marahaba, mura, kijana wetu. Umechukua sura ya baba yako yote, pole."

Akanipeleka kwenye magofu. Wabenedikto walipoondoka, paa liliezuliwa na mawe yakaenda kujengea mazizi. Umebaki msingi wa kanisa na ukuta mmoja wa jikoni, maboga yametambaa juu yake. Niliupenda ukuta ule mdogo.

"Kanuni yao ilitoka Ulaya, ya zama za kati huko," mzee alisema. "Sala, kazi, na kula bila kusema. Mmoja anasoma, wengine mnasikiliza."

Mchana, nyumbani kwa mzee, niliikuta kanuni hiyo bado hai. Tulikula ugali wa wimbi na maziwa mgando kimya, huku binti yake, Bhoke, akitusomea maelezo ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, maana gazeti halikuwepo. Nilijibana nisicheke. Mzee alipomaliza kula, akagusa ukingo wa sahani kwa vidole viwili, kisha kifua chake, akimtazama mkewe. Nikarudisha tonge kwenye sahani. Baba alifanya hivyohivyo kila siku.

"Mama, ile ni nini?" nilimwuliza mkewe baadaye.

"Anamshukuru mpishi. Si kusema hakuruhusiwi? Ndivyo walivyozoea kule."

Jioni nilirudi Nyakunguru, nikamsimulia mama, nikamwonyesha kwa vidole.

"Kumbe," akasema. "Mimi nilidhani anajifuta mafuta kwenye shati. Na kila siku nilikuwa namgombeza."

Akajifuta macho kwa kanga, akaenda kupakua. Sikurudi na jiwe wala picha kutoka Kenyamonta. Nilirudi na hilo tu: kwamba baba alikuwa anasema na mama, mchana na jioni.