Karani Alivyochagua Mwanzi wa Kuvulia

Jumamosi nilikuwa dukani hapa Tabora nikisubiri mafuta ya taa. Akaingia karani wa boma, suruali imenyooka kwa pasi. Alitutangazia sote kwamba amehamishiwa Tanga, na ameshamwandikia bwana mkubwa wake mpya kuwa yeye ni hodari wa kuvua ufukweni. Jumapili ijayo watavua pamoja.

Mwenye duka akatoa mianzi miwili ya kuvulia. Karani akaichagua kama bakora: akaigonga sakafuni, akaipima kiunoni, akachukua ule mfupi usiopinda.

Mama mmoja mzaliwa wa Pangani, aliyekuja kununua chumvi, akamwambia, "Mwanangu, chukua mrefu. Ncha ipinde, shina liwe gumu. Huo hautarusha chambo kupita mawimbi, na samaki mkubwa akivuta utakatika."

"Mama, mimi nimefika darasa la kumi," akajibu, akiubana kwapani. "Mwanzi unaopinda ni mbovu."

"Marahaba," akasema mama, ingawa hakuwa ameamkiwa.

Mimi niliachishwa shule darasa la nne, na nimeyalilia sana madarasa yaliyobaki. Kumbe wengine huko walijifunza kutosikia.