Binti Aliyeshindwa Kumwambia Mzee Hapana

Kule Marui, wilaya ya Kisarawe, nyumba ya Mzee Abdala ilikuwa na mhandisi anayemenya muhogo. Mhandisi mwenyewe ni Mwamvita, binti yake. Vyeti vilikuwa chini ya godoro ndani ya mfuko wa plastiki, na mwenye vyeti alikuwa kibarazani na kisu chake, mwaka wa pili huo. Na si kwamba hajui kazi. Kupima anajua mno. Mchuzi akiuonja tu anakwambia chumvi imetiwa mara ngapi. Kilichomponza ni adabu.

Katika usaili wake wa kwanza, mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe alimuuliza, "Binti, wewe ndiye mkaguzi wa ubora. Umepima mzigo, umeuona mbovu. Bosi anasema utoke. Utautoa, au siyo?"

Jibu lilikuwa ulimini. Lakini mzee yule ni rika la baba yake, tena anauliza huku anatikisa kichwa kama mtu anayekubali. Mwamvita alilelewa kwamba mtu mzima hakatiwi neno. Akainamisha macho, akasema, "Ndiyo, baba." Usaili ukaishia hapo hapo.

Sasa simu ikaleta ujumbe mwingine: Alhamisi, kiwanda cha mabomba ya plastiki, Kibaha, nafasi ya mhandisi wa udhibiti ubora. Zilibaki siku nne. Mama yake, Sada, akatoa baibui jipya. Baba akasoma dua. Mwamvita akasoma madaftari yake yote upya, ingawa alijua fika kwamba ugonjwa hauko kwenye madaftari.

Aliyeuona ugonjwa ni Ndaki, mzee mfugaji aliyehamia kutoka Usukumani zamani, anayewaletea maziwa kila asubuhi. Msukuma na Mzaramo ni watani, basi Ndaki hajaingia ua ule hata siku moja bila kutukana, wala hajatoka bila kutukanwa.

"Shikamoo, Msukuma," Mwamvita alimwamkia.

"Marahaba, Mzaramo. Nasikia Kibaha wanatafuta mtu wa kukataa vibovu. Wewe utakataa nini, nawe hata mbuzi akila kanga yako unamwambia ahsante?"

"Nitaanza na maziwa yako. Yana maji."

"Maji ya wapi?"

"Ya kisima chetu. Nimekuona ukichota!"

Ndaki akacheka mpaka kopo likamtikisika mkononi. Kisha akamgeukia Abdala. "Mtani, umesikia? Binti kinywa anacho. Mimi ni mkubwa kuliko wewe, na amenikatalia mchana kweupe. Nipe koti lako."

Akalivaa koti la Abdala, lisilofunga hata kifungo kimoja, akakaa kwenye kiti akawa bosi. Siku tatu nzima akamletea Mwamvita mambo ya kupitisha: jembe lenye ufa, yai viza, hata ndama mwenye chongo. "Nimepitisha mwenyewe! Tia sahihi!" Na Mwamvita anajibu, "Halipiti. Na wewe mwenyewe nikikupima hupiti." Majirani wakawa wanakuja kuangalia usaili kama wanaokuja ngomani.

Jumatano Ndaki akalivua koti. "Kwangu umefaulu, lakini mimi ni mtani tu. Kibaha hakuna mtani. Abdala, kaa wewe."

Abdala akakaa kwa aibu kidogo. Hakujua aulize nini, akachukua kigoda alichokichonga kwa mikono yake, anachojivunia kwa kila mgeni. "Mwanangu, kigoda hiki kinapita?"

Kile kigoda kinayumba; kila anayekikalia hukaza mguu mmoja chini asianguke.

"Ndiyo, baba," akasema Mwamvita.

"Ameanguka usaili!" Ndaki akapiga kelele. "Rudini kwenye muhogo wenu!"

Macho ya Mwamvita yakalengwalengwa na machozi. Akakishika kigoda, akakiweka sakafuni, akakibonyeza pembeni, kikalia ko. "Baba, naomba radhi. Hakipiti. Mguu mmoja ni mfupi."

"Tangu lini?"

"Tangu nipo darasa la nne."

Abdala akamtazama mkewe. Sada alikuwa ameshikilia mlango, bega linamcheza kwa kicheko. "Na miaka yote hiyo mnakikalia tu?" akauliza mzee wa watu.

Alhamisi, Kibaha, Mwamvita alikuta watu wawili mezani: Juliana, dada wa ofisi ya ajira, na Mzee Khalfani, fundi mkuu, naye ndevu nyeupe kama yule mzee wa kwanza. Akawaamkia. Khalfani akasukuma kipande cha bomba pamoja na kipimo. "Hili nimelipitisha mwenyewe asubuhi. Tuambie lina ubora gani."

Mwamvita akapima sehemu nne, akarudia.

"Naomba radhi, baba. Halipiti. Upande huu unene milimita tatu, upande huu mbili."

"Binti, nina miaka thelathini kwenye mabomba."

"Ndiyo, baba." Juliana akainua kalamu aandike. "Miaka thelathini naikubali," akamalizia Mwamvita. "Bomba halipiti."

"Na nikisema litoke?"

"Litatoka bila sahihi yangu, baba."

Khalfani akaivaa miwani. Akapima mwenyewe, polepole, sehemu zile zile nne. Halafu akainuka ghafla, akatoka mbio, wakamsikia akipaza sauti huko nje: "Simamisheni mashine ya pili! Simamisheni!"

Juliana akabaki anautazama mlango. "Mimi nilidhani ni mtihani," akasema. Akaikunja karatasi ya maswali ambayo hawajayafikia. "Haya, dada. Jumatatu saa moja asubuhi utafika?"

Mwamvita akaifikiria barabara ya kutoka Marui.

"Saa moja sitafika, dada. Saa mbili nitafika."

Juliana akaandika saa mbili.