Kikizimika, Sikuoni

Pale kwa dobi, chumba cha pasi, tuko wanawake wawili: mimi na huyu ninayemsema. Wateja wanamwita Mama Mikunjo, kwa sababu shati likipita mkononi mwake, mkunjo utautafuta kwa tochi. Ni mpole mpaka anakera. Mimi mteja akinifokea namfokea, yeye anaomba radhi hata kwa kosa la mashine. Hana mume, hana mtoto, ana baba. Na tangu baba yake alipoanguka jikoni akalala sakafuni kutwa nzima, mpaka binti aliporudi kazini, mwenzangu huyu hajapata kupumua sawasawa.

Mzee alikuwa fundi mwashi. Maisha yake yote ameyamaliza juu ya majukwaa ya mbao akipiga lipu kuta za watu. Kisha kiharusi kikamshika upande wa kushoto, akaanguka vile, na daktari akasema waziwazi kwamba akianguka tena asitegemee kuinuka. Ndipo binti akajibana akanunua kamera, akaitundika kwenye kona karibu na dari, ikawa inatazama kitanda, kiti na kabati. Ruta ya intaneti akaiweka sakafuni kando ya kiti cha mzee. Akamwonyesha zile taa za kijani, akamwambia, "Baba, kidude hiki usikiguse. Kikizimika, sikuoni." Mzee akaitikia kwa kichwa. Binti mwenyewe ndiye aliyenisimulia, tena akicheka, kwamba mzee ameelewa upesi kuliko alivyodhani.

Basi ikawa pasi mkono huu, jicho kwenye simu. Simu ameiegemeza kwenye chupa ya kunyunyizia maji, na redio ya mzee inasikika humo ndani siku nzima, taarifa za habari na matangazo ya vifo. Nilishamwambia kwamba mimi sikuajiriwa kusikiliza misiba ya watu nisiowajua. Akapunguza sauti kidogo, akaomba radhi.

Halafu mtandao ukaanza vituko. Mzee unamwona kabisa amekaa kitini, mara picha inaganda, redio inakatika, kioo kinakuwa cheusi na maandishi yanasema kamera haipatikani. Mara ya kwanza mwenzangu alitoka nduki na aproni yake. Akamkuta baba yake kitini na shuka miguuni, ruta inawaka taa zote, na mzee akamuuliza kama amefukuzwa kazi. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu mwenye duka akanuna, akasema hapa si uwanja wa riadha. Ikabidi awe anapiga simu tu. Inaita, inaita, ndipo mzee anapokea. "Nipo, mama. Piga pasi," anasema, na kukata.

Hofu nimeiona kwa mtu huyu. Kioo kikiwa cheusi, midomo inamkauka, jasho linamtoka ambalo si la mvuke, na ukimsemesha hasikii. Shati jeupe la bwana harusi mmoja lilibaki na alama ya pasi mgongoni, nzima nzima, hata matundu ya mvuke ungeweza kuyahesabu. Bahati ya bwana harusi, koti lilifunika.

Tukaanza kutafuta mchawi. Mimi niliwashuku majirani, nikasema wananyonya waifai ya watu kimyakimya, nawajua watu wa namna hiyo. Akabadilisha nywila. Ukazimika. Akanunua waya mpya wa umeme, akaisogeza redio mbali na ruta. Ukazimika. Akapiga simu huduma kwa wateja, wakamwekea muziki mpaka akalala na simu sikioni, kisha wakamwambia aizime ruta na kuiwasha. Aliizima, akaiwasha, na kesho yake ukazimika kama kawaida. Kitu kimoja tu kilitutia moyo siku zile: mzee alianza kufua suruali zake mwenyewe. Binti akirudi jioni anakuta suruali imeanikwa dirishani, imekamuliwa kwa mkono mmoja, inachuruzika maji. Tukasema jamani, mzee anapata nafuu.

Mwishowe akaitwa fundi wa mitandao, bwana mmoja mrefu tunayemwita Antena. Antena akazunguka chumba na simu yake akipima kila kona, akasema ruta ikikaa sakafuni mawimbi yake yanaishia kwenye miguu ya kitanda, inataka kukaa juu. Hakudanganya. Akaipandisha juu ya kabati, akachomeka umeme kwenye soketi ya feni iliyo karibu na dari, na picha ikaja safi hata vifungo vya shati la mzee vikaonekana. Mzee aliitazama kazi hiyo mwanzo mpaka mwisho. Aliuliza jambo moja tu, swichi yake sasa iko wapi. Antena akamwonyesha kwa kidole, kule juu, nyuma ya ruta.

Kesho yake mwenzangu alikuja kazini anaimba. Asubuhi nzima picha haikukatika, na mimi nikavumilia vifo vya redioni bila kulalamika. Karibu na mchana akanyamaza ghafla. Nikageuka. Alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili, na pasi yake imelala kifudifudi juu ya suruali ya mtu.

Nikainyanyua pasi, nikachungulia. Mzee alikuwa anaivuta stuli kwa fimbo yake, kidogo kidogo, kuelekea kwenye kabati.

"Anatafuta nini huyu?" mwenzangu akasema.

Mzee akaegemea kabati, akapandisha mguu mzima. Akatulia. Akauburuta ule mbovu ukafuata. Akainua mkono, akapapasa juu. Kisha picha ikaganda, redio ikakatika, kioo kikawa cheusi.

Alipiga simu pale pale. Iliita mpaka ikakata yenyewe. Akapiga tena tukiwa tayari barabarani, maana nilizima pasi zote mbili nikamwambia mwenye duka anune vizuri, tunatoka. Si mbali, ni kona chache, lakini njia ile siku ile haikwisha. Alikimbia anasema, "Baba, baba, baba," kwa sauti ndogo ya mtoto, na watu wakatupisha. Mlangoni ufunguo ulimkataa, nikamnyang'anya nikafungua mimi.

Mzee alikuwa bado juu ya stuli. Shavu kalibandika kwenye mlango wa kabati, vidole vya mkono mzima vimeng'ang'ania ukingo wa juu, na mguu mbovu unatetemeka mpaka stuli inagonga sakafu, ko, ko, ko. Suruali yake ilikuwa imeloa, kuanzia kiunoni hadi chini. Kando ya kiti palikuwa na beseni la maji, sabuni, na suruali kavu iliyokunjwa vizuri. Hapo nikaelewa zile suruali za dirishani, nikasikia uchungu na aibu kwa pamoja. Choo kiko mwisho wa ujia, na mguu ule haufiki kwa wakati.

"Geuka," mzee akasema, bila kututazama.

"Baba, utaanguka."

"Geuka kwanza."

Stuli ikagonga tena, na vidole vyake vikateleza kidogo. Mimi sikujua la kufanya, na si kawaida yangu. Mwenzangu hakugeuka. Alifumba macho. Akanyoosha mikono mbele, akaenda akipapasa ukingo wa kitanda, kisha kiti, mpaka akaifikia stuli, akaikumbatia miguu ya baba yake pamoja na majimaji yake yote, akabana.

"Nimefumba, Baba. Sioni kitu. Shuka."

"Umefumba kweli?"

"Nimefumba."

Hapo na mimi nikageukia ukuta. Nikasikia mguu mmoja umegusa sakafu, halafu wa pili. Stuli ikaacha kugonga. Nikasikia kiti kinalia, maana yake ameketi.

"Wewe ndiye uliniambia," mzee akasema nyuma yangu, taratibu. "Kikizimika, hunioni."

Mwenzangu alikuwa analia.

Ruta ilirudi sakafuni siku ile ile, kando ya kiti, swichi ikitazama mkono mzima. Antena alipoona alisema tumeharibu kazi yake, na kweli, picha sasa ni mbovu. Mama Mikunjo hakimbii tena wala hapigi simu, ila hofu haijamtoka, naiona. Kioo kikiwa cheusi anasimamisha pasi, anashika meza, anafumba macho, ingawa hapo hakuna cha kuona. Mimi nazima pasi yangu, nasubiri naye. Anafumbua akisikia redio ya mzee imerudi.