Nakala Iliyobaki Kwenye Simu ya Kaka

Mama yangu alikuwa hawezi kutamka kwamba kaka yangu amekufa. Alisema "hajarudi". Wenzake wa kanisani wakimuuliza habari za nyumbani, alijibu: wote wazima, ni mukubwa tu hajarudi. Mimi nilisimama kando nikiangalia viatu vyangu kwa hasira, kwa sababu wote pale, yeye wa kwanza, walijua jinsi shimo la shaba lilivyoporomoka wakati wa mvua na kwamba hakuna aliyetolewa mle. Wenye eneo walileta mashine, wakafukia, wakaweka uzio. Basi.

Jeneza halikuwepo, kaburi halikuwepo, na misa ya marehemu mama aliikataa. Kwa sababu ya kukataa kwake kulikuwa na mtu aliyekwama nyumbani kwetu: bibi wa kaka, yaani mkewe, mulamu wangu kama tunavyosema huku, naye ananiita hivyo hivyo. Kwetu mjane hawi huru mpaka familia ya mume imtoshe mufu, yaani imwondolee yule marehemu anayemshikilia. Wanamwogesha asubuhi, wanampaka pemba, ule udongo mweupe, kwenye paji la uso, na mkubwa wa familia anasema mbele ya watu: mtu wetu amekufa, wewe enda, uishi. Bila maneno hayo haolewi tena, hauzi sokoni, na watu wanaogopa hata kupokea nyanya mikononi mwake. Hata kwao hawampokei vizuri, maana anakuja na mtu mgongoni.

Kwao ni Kisenge, mbali kule. Mjomba wake alisafiri kuja kumwombea. Alikaa sebuleni, kofia mikononi.

"Mama, tunaomba mumutoshee mutoto wetu mufu."

"Mufu gani?" mama akamuuliza. "Weye ulimuona? Munionyeshe ule mufu, nitamutosha leo leo."

Mjomba alikunywa maji yake, akaaga. Mulamu, msichana kabisa, kitambaa cheusi kichwani, akarudi chumbani kwenye mkeka wake. Nilimsikia akifunga mlango taratibu, kana kwamba hata mlango ungeweza kumkasirisha mama.

Mimi nilifanya kazi mtaani Manika, kwenye kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi. Patron wangu, mwenye kibanda, alikuwa ameniachia kompyuta yake kuukuu, ile ya kukunja, herufi nyingine zimefutika kwa vidole vya watu. Ndani mlikuwa na mchezo wa kuigiza maisha. Unajenga nyumba, unaweka meza, jiko, vitanda, halafu unaumba watu na kuwatia humo. Wanakula, wanalala, wanagombana, wanakwenda kazini, wanazeeka. Nilijenga nyumba yetu na sisi wote ndani. Siku kaka alipojiona mara ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini.

"Pua yangu njo ile? Ata kama unanichukia, hapana vile!"

Alipooa, nikamuumba na mulamu, nikamtia ndani pamoja nasi. Ulikuwa mchezo tu, wa kupitisha Jumapili.

Baada ya shimo, mama alinikuta nimeufungua. Kaka alikuwa jikoni anakunywa maji. Mama alivuta kiti, akakaa akimwangalia mpaka umeme ulipokatika. Kesho yake, kabla hata ya kujibu salamu yangu, aliniuliza: "Ile ya mutoto yangu, utafungula saa ngapi?"

Mama wee! Hapo ndipo nilipopata kazi ya pili, na patron wake alikuwa mkali kuliko yule wa Manika. Hakutaka kaka atoke. Nilimweleza kwamba kwenye mchezo saa ya kazi ikifika mtu anatoka mwenyewe, mimi simtumi. Mama alifikiri kidogo.

"Basi, tosha mulango."

Nikaung'oa mlango. Tukawa na nyumba nzuri isiyo na mlango, watu wanazunguka ndani. Mulamu wa mle ndani, mama aliamuru abaki jikoni. "Amupikie," alisema. Na nyuma yetu mulamu wa kweli alikuwa anasonga bukari, ugali wetu wa huku, mgongo umeinama, hageuki kuangalia.

Tatizo ni kwamba watu wa mchezo ule wanazeeka. Siku moja ndevu za kaka ziligeuka nyeupe, akaanguka sebuleni karibu na redio. Mama alinishika mkono hadi kucha zikaniingia.

"Murudishe! Murudishe mbio!"

Nilikuwa na njia. Mchezo unaweka nyumba na watu wake wote kwenye folda moja, na folda hiyo unaweza kuinakili ukaiweka kando. Likitokea jambo, unafuta iliyoharibika, unarudisha nakala mahali pake, na kila mtu anasimama pale ulipomwacha. Nakala yangu ilikuwa kwenye flashi ninayotembea nayo kazini. Niliirudisha. Kaka akasimama jikoni, kijana, anakunywa maji yale yale. Mama akapumua.

Tangu hapo kila Jumapili baada ya misa nilimrudisha kabla hajazeeka. Siku moja uchungu ulinizidi, nikamwambia: "Mama, maji yakimwagika hayazoleki."

"Ya kwako hayazoleki," akajibu. "Ya mu mashini banazola. Si niliona na macho yangu?"

Nilikwenda uani. Mulamu alikuwa anakamua nguo. Alinisogelea, sauti chini.

"Mulamu, siku moja usimurudishe. Umuache azeeke, mama aone."

"Ataniua."

"Na mi niko nakufa," alisema. "Polepole tu, njo maana hamuoni."

Aliendelea kukamua nguo. Mimi nilichukua ncha ya pili ya shuka tukalisokota pamoja.

Halafu akaja kibandani bwana mmoja wa kanisa fulani la Manika, ana haraka, anataka nimchapie ratiba ya maombi. Flashi yake ilikuwa na virusi. Folda zake zote zilikuwa zimegeuka alama tupu, ukizibonyeza hazifunguki. Kabla sijashtuka, ugonjwa ule ulikuwa umeingia kwenye mashine za patron na kwenye flashi yangu, nami nikaubeba mpaka nyumbani. Kompyuta yangu nayo ikaanza kuonyesha alama tupu. Nilipanda taksi-moto, ile pikipiki ya kukodi, hadi kwa fundi karibu na soko.

"Dada, hapa tunafuta byote," alisema. "Kama uko na nakala, utarudisha."

"Nakala iko kwenye flashi hii hii."

Aliipachika, akaangalia, akatikisa kichwa. Alifuta vyote. Kwa huruma aliniwekea ule mchezo upya, bila mimi kuomba. Nilipoufungua mbele ya mama kulikuwa na kiwanja kitupu, majani ya kijani mpaka mwisho.

"Eko wapi?"

"Amefutika, mama. Na nakala yake pia."

Aliangalia yale majani. Aliinuka, akaenda kitandani, akageukia ukuta.

Alikataa chakula. Bukari ilikwenda chumbani kwake moto, ikarudi baridi. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikalia mbele yake, ukuta tu. Na majirani, unawajua majirani, walianza kumwangalia mulamu kwa jicho la pembeni akipita na ndoo. Kwanza bwana, sasa mama mkwe. Hakuna aliyelisema mbele yake, lakini alilisikia kama sisi sote tulivyolisikia.

Nadhani ndiyo sababu mulamu aliniletea simu. Ilikuwa simu ya kaka. Wachimbaji hawashuki na simu shimoni. Siku ile aliiacha nyumbani inachaji, na mulamu alikuwa akiilalia chini ya mto wake tangu siku hiyo, imezimwa, bila mimi kujua. Alifungua kifuniko cha nyuma kwa ukucha, akatoa kadi ndogo ya kumbukumbu.

"Humu muko ile muchezo yenu. Alinakili zamani, juu ya kucheza kwa rafiki yake. Angalia kama mama atakula."

Niliipachika kadi, nikaiona folda, nikaihamisha mahali pake, nikafungua. Nyumba ilijitokeza kipande kwa kipande, na mlango wake ukiwa mahali pake. Na katikati ya sebule, kaka, na pua ile ile.

"Mama!" nilipiga kelele. "Mama, njoo, amerudi!"

Alikuja akishika kuta. Aliketi kwenye kiti chake, akaweka kiganja kwenye kioo. Mulamu alikuja nyuma yetu na sahani ya uji, akasimama akingoja. Nilifurahi, kweli. Nilizungusha nyumba ili mama aone vyumba vyote: jiko, chumba chake, changu. Mulamu hakuwemo. Nakala ilikuwa ya kabla ya ndoa.

Lakini kwa nyuma palikuwa na chumba ambacho mimi sikukijenga. Kuta za bluu, pazia, kioo cha ukutani, kitanda kipana cha watu wawili, na hakuna mtu. Kaka alikiongeza mwenyewe kwa mkono wake, kisha akanakili na kunyamaza.

Nilisikia sahani ikiwekwa mezani.

"Njo ile rangi," mulamu alisema. "Njo ile alinipakia mu chumba mbele nifike."

Chumba anacholala ni cha bluu. Miaka yote nilidhani ni yeye aliyechagua.

Nilimwambia mama: "Ngoja, nitamuumba mulamu tena, nimweke hapa na bwana wake. Si kazi."

"Hapana," mama alisema. "Umuache vile. Eko muzuri peke yake. Kama hakuoa, hangeenda mu ile shimo. Angebaki na mi."

Nilitaka kuifunga ile kompyuta kwa nguvu mpaka ipasuke. Uso uliniwaka moto kwa aibu, na aliyetukanwa si mimi. Mulamu hakulia. Alikuja mbele, akapiga magoti kando ya kiti cha mama, akapiga makofi yale ya taratibu ya kumsalimu mkubwa.

"Mama," alisema, "mutu mwenye bado kuoa hawezi kuacha mujane. Ile nyumba ni yake na yako, mi siko mule. Kama umechagula ile, basi mi si bibi ya mutu. Munitoshe mufu, niende kwetu."

"Mufu ga..." mama alianza, akaishia hapo.

Kwenye kioo kaka alikuwa ameacha sebule. Watu wa mchezo ule wakichoka wanajiendea kulala, huwaamrishi. Aliingia chumba cha bluu, akalala upande mmoja wa kile kitanda kipana, upande wa ukutani. Upande wa pili akauacha wazi. Mama alimwangalia kwa muda mrefu. Mulamu naye alimwangalia, akiwa bado kwenye magoti.

"Leta ule uji," mama alisema mwishowe. Alikunywa vijiko kadhaa. Halafu, bila kumwangalia mtu: "Asubui bachote maji mapema. Na batafute pemba."

Asubuhi walikuja shangazi zangu. Walimwogesha mulamu nyuma ya nyumba, wakamvua kitambaa cheusi, wakamfunga kitenge kipya. Pemba ilikuwa kwenye kisahani, imelowekwa. Mama ndiye mkubwa, ilikuwa juu yake kusema. Alichovya kidole gumba, akakinyanyua, kikabaki hewani.

"Mutu yetu..." alisema.

Tulingoja. Kuku walikuwa wanaparura karibu na ndoo. Shangazi mmoja akamwambia kwa upole: "Sema tu, mama."

"Mutu yetu..."

Mulamu alikuwa amefumba macho, paji la uso limeinuliwa, maji bado yanamtiririka shingoni. Nilimuomba Mungu, mimi nisiyeomba, mama asiseme "hajarudi".

"Mutu yetu alikufa," mama alisema. "Weye enda. Uishi."

Akampaka. Kidole kilishuka katikati ya paji la uso polepole mpaka kwenye nyusi. Halafu mama akakaa chini kwenye tope lile la maji ya kuogea, na akalia. Kile kilio chenyewe, cha mikono kichwani, tulichokuwa tumekizuia kwake na kwetu tangu mvua ile. Shangazi wakaitikia. Mulamu akaitikia. Nami.

Mtaani kwetu kilio kama kile hakiachwi peke yake. Majirani waliingia mbio, mmoja na sabuni mikononi, mwingine tayari amebeba viti viwili kutoka kwake kama inavyofanywa penye msiba.

"Nani? Nani alikufa?"

Mama alijipangusa uso kwa mkono wenye pemba.

"Mutoto yangu," alisema. "Ule mukubwa. Mukae."