Koti la Baba Kwenye Albamu za Watu

Watu huweka naftalini ili kufukuza mende. Mimi harufu yake hunirudisha nyumbani. Juzi nilifungua kabati kutafuta shuka, harufu ile ikanipokea, na baada ya muda nikajikuta nimekaa kitandani, koti la kijivu mapajani, shuka nimeshaisahau. Ni koti la baba yangu. Lina vifungo vitatu: viwili vyeusi, na cha chini ni cha bluu, kikubwa kuliko wenzake. Mama alikitoa kwenye gauni lake baada ya kile cheusi kupotea. Kifungo hicho mkikumbuke, maana ndicho kilichonisumbua utoto mzima.

Baba alifariki ningali nanyonya. Nilikulia Kewanja nikiambiwa na kila mtu mzima kwamba nimefanana naye. "Huyu ni Mwita mtupu," walisema, wananigeuza kidevu huku na huku. Ni maneno matamu, ila mimi yalinitesa, kwa sababu sikujua huyo ninayefanana naye alikuwaje. Nyumbani hapakuwa na picha yake hata moja. Nilikuwa nachukua kioo cha mama, nakiegemeza kwenye dumu la maji, kisha najikunja uso nikijaribu kuuzeesha, labda baba atatokea. Alitokea mtoto aliyenuna.

Cha ajabu ni kwamba picha nyingi za majirani zetu zilipigwa kwa hisani yake. Mpiga picha alikuja kwa baiskeli siku za mnada, akapiga watu, akaenda kuzisafisha Tarime mjini na kuzileta mnada unaofuata. Koti la maana pale kwetu lilikuwa moja. Mama alinisimulia jinsi watu walivyofika mlangoni wakihema, wakimwita baba "mura", yaani kijana: "Mura, nisaidie koti, mpiga picha amefika!" Na baba, ambaye hakujua kumnyima mtu kitu, alilitoa. Mama akimwambia na wao wapige, anacheka tu. "Koti ni letu, litakwenda wapi? Tutapiga siku yoyote."

Siku yoyote haikufika. Homa ilimlaza na hakuinuka tena.

"Kinyozi hajinyoi," mama alizoea kusema kila alipolianika koti lile juani, halafu analirudisha sandukuni na vidonge vyake vya naftalini.

Mliokulia kwetu mnajua mgeni anavyopokewa. Unakalishwa kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, nje kuku anafukuzwa, na wewe unapewa albamu uitazame mpaka ugali uive. Watoto wenzangu walipenda safari kwa ajili ya huyo kuku. Mimi nilipenda albamu. Nilikuwa sijakaa vizuri nimeshanyoosha mikono, na mjomba wangu akanipa jina la Mkaguzi wa Picha. Sikumwambia mtu nilichokuwa natafuta. Nilidhani wanajua.

Nilifunua ukurasa, nikaona kijivu, nikaona kifungo cha bluu, na moyo ukaruka. Kisha napandisha macho usoni na kumkuta mtu mwingine. Koti la baba nililiona kwa bwana harusi, mikono ikimfunika hadi kwenye vidole. Nililiona kwa mwalimu mnene, vifungo vyote vitatu vimekataa kufungwa. Nililiona kwa mzee mmoja aliyevaa kaptula chini yake. Inasemekana alimwomba mpiga picha amchukue kuanzia kiunoni, lakini mpiga picha hakutaka kupunja mteja, akamchukua mpaka miguu. Nilimcheka sana mzee yule, na nilipofika nyumbani nililia kidogo.

Nikiwa darasa la tatu, Baba Robhi akafariki. Alikuwa jirani yetu wa karibu kabla ya kuhamia Mugumu na mkewe. Mama alikuwa mgonjwa siku za mazishi, kwa hiyo tulikwenda kuhani baadaye, tumebeba kuku na unga wa mtama. Mama Robhi alitupokea akiwa amenyoa kichwa, amejifunga kitambaa cheusi. Nikamwamkia shikamoo, akanishika kidevu kama wote. Yeye na mama walilia pamoja, wakanyamaza, wakaulizana habari za mifugo. Na kwa kuwa mgeni ni mgeni hata msibani, albamu ikaletwa.

Nilifunua taratibu. Katikati nikamkuta Baba Robhi amesimama na baiskeli mpya, ndani ya koti la kijivu, kifungo cha bluu kimefungwa. Sasa nilishakuwa mzoefu. Nikaona koti, nikaona mwenye uso si baba, nikashika ukurasa ili niufunue.

Mkono wa mama ukanizuia.

Pembeni mwa picha, nusu ya bega lake imekatwa, alisimama kijana mwenye singlendi, shati kuukuu la Baba Robhi limening'inia mkononi mwake. Alikuwa anacheka kinywa wazi, na meno yake ya mbele yana mwanya. Ulimi wangu ukaenda wenyewe kuugusa mwanya wangu.

"Ndiye," mama alisema.

Mama Robhi akasogea na kuinama. "Kwani wewe hunayo?"

"Sina hata moja."

"Hata moja? Mwita na koti lile?" Akaitazama tena. "Picha hii ililetwa tumeshahamia huku. Sikujua kabisa."

Akachukua albamu, akabandua nailoni, na kuanza kuing'oa picha kwa ukucha. Gundi iling'ang'ania, karatasi ya ukurasa ikachanika. Mama akamshika mkono akisema hapana, haiwezekani, leo kweli? Mama Robhi hakubishana naye. Alinipa mimi. "Shika baba yako. Usiikunje."

Njia nzima kurudi nilikuwa na furaha ya mtu aliyeokota ng'ombe. Niliilaza ndani ya daftari, nikaifungua, nikaifunga, nikaifungua tena. Nilijua amenipa kama mtu anavyompa mtoto kiazi, kwa kuwa kipo kingine chunguni.

Miaka mingi nimeitazama picha ile kana kwamba ina mtu mmoja. Nilikuwa mtu mzima, na nimeshazika watu wangu, siku macho yangu yalipotoka pembeni yakaenda katikati. Katikati yupo Baba Robhi, na baiskeli yake mpya, mzima kuliko alivyokuwa popote katika albamu ile. Nyingine zake zilikuwa zile ndogo za kitambulisho. Na mjane wake, nywele bado hazijaota, alimng'oa kwa ukucha ili mtoto wa watu amwone baba yake.

Mwaka huu nimeipeleka studio, nikachapisha nakala mbili kwenye karatasi nzito. Wanangu walinishangaa, wakaniambia ingetosha kuipiga kwa simu. Moja nimeitundika kwa mama. Ya pili nikaenda nayo Mugumu.

Mama Robhi amezeeka, ila kuku wake bado wanafukuzwa. Kabla sijatoa kitu kwenye mkoba, alinikalisha na kuniwekea albamu ileile mapajani. Nikafunua mpaka katikati. Ukurasa ulikuwa mtupu kama tulivyouacha, umechanika palepale. Picha zimeongezeka mbele na nyuma yake, za wajukuu, za kipaimara, za mahafali. Pale hapakubandikwa kitu.

"Mama, mbona hukupaziba?"

"Nizibe kwa nini? Wageni huniuliza, na mimi nawaambia hapo ni mahali pa Baba Robhi. Amemsindikiza Mwita kwa mwanawe."

Nikatoa picha mkobani, nikamwekea mkononi. Aliitazama kwa muda mrefu, akampangusa mumewe vumbi ambalo halikuwepo.

"Umechelewa kurudi, wewe," akamwambia.