Salamu kwa Melitina

Melitina alikuwa mjakazi wa Bibi Klaudila, mwenye kiwanda cha kufulia nguo katika mji wa Smirna, zama za Warumi. Tangu utoto kazi yake ilikuwa kukanyaga nguo kwenye mkojo uliochacha, ndio sabuni ya siku zile, hata nyayo zikamchubuka. Bibi alikuwa Mkristo, na kanisa lilikutana sebuleni kwake. Lakini Mzee Zosimo, mwalimu wao, alipofungwa kwa ajili ya imani, Bibi akapiga marufuku mtu wake yeyote kwenda gerezani.

"Mniletee harufu ya pingu humu, wateja wanikimbie?"

Gereza la kule halimlishi mtu. Basi Melitina akawa anapitisha mkate na zeituni chini ya kapu la nguo chafu, na askari wa mlangoni akijichukulia chake kwanza.

"Shemeji, leo zeituni chache hivi?"

"Kula na kokwa zake, utashiba."

Mzee Zosimo alikuwa akitunga barua kwa kanisa. "Mwanangu, minyororo hii ndiyo mkufu wangu," akamwambia. "Nawe usiyeionea haya, nitakutaja."

"Mzee, nakusihi, usinitaje. Bibi akijua, mkate ndio basi."

"Heshima yako niifiche? Sithubutu."

Barua ikasomwa sebuleni siku ya Bwana. Zilipofika salamu za mwisho, kila mtu alisogea akitega sikio asikie jina lake. Bibi alikuwa ameshaanza kutabasamu.

"Nisalimieni Melitina," msomaji akasema, "anayenilisha peke yake, wakati wenye nyumba kubwa wamenipa kisogo."

Watu wakaitikia amina, wengine wakilia kwa furaha. Bibi akainuka, akamkumbatia Melitina, akambusu busu la amani mbele ya wote. Kisha akamnong'oneza sikioni, "Umenivua nguo mbele za watu. Kesho nakuuza."

Na kweli akamuuza, kwa mchuuzi wa sufu wa bara. Hakuna ndugu wa kanisa aliyemtetea. Walikuwa wakigombea kunakili barua, jinsi ilivyokuwa tamu. Gerezani hakwenda mtu.

Msafara ulipita mbele ya gereza, Melitina kafungwa mikono nyuma ya punda. Askari akamwona.

"Shemeji! Mzee wako tangu juzi hajatia kitu mdomoni. Anauliza amekuudhi nini!"

"Mwambie salamu zimefika."

Mchuuzi akamchapa punda, kamba ikakaza.