Mabawa ya Gertrude

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, Gertrude alishika mikate miwili, mmoja kila mkono, akaipima kama alivyopima maharage sokoni maisha yake yote. Mzito akampa mumewe, Germain.

"Kula, Papa Sephora. Weye njo utapanda ku mulingoti leo."

"Na weye?"

"Minye niko muzito tokea zamani."

Germain akacheka. Nyuma ya nyumba, juu ya kichuguu kikubwa, mtambo wao wa upepo ulizunguka polepole. Jioni kifua kikambana Gertrude. Kabla ya juma kuisha, akafariki.

Mtambo ule ulikuwa wa watu wawili. Germain, aliyechomelea vyuma kiwandani hapa Likasi mpaka kiwanda kikamchoka, alisimamisha mlingoti juu ya kichuguu kwa sababu upepo wa chini huvunjwa na kuta. Akafunga alteneta ya gari izalishe umeme, na mkia wa bati wa kuugeuza mtambo uutazame upepo. Mabawa matatu ya mbao yalikuwa kazi ya Gertrude. Aliyakwangua kwa kipande cha chupa: shinani yameinama sana, nchani karibu yalale, maana ncha ndiyo inayokimbia zaidi. Umeme ulikuwa kidogo. Taa, na simu za majirani. Ulitosha.

Baada ya kilio, bawa moja likapasuka. Germain akachonga jingine kwa kipande cha mwisho cha mbao ile. Mkono ulikuwa umechoka, ukakwangua kupita kiasi. Likawa jepesi kuliko yale mawili. Upepo ulipokuja, mlingoti ukatetemeka mpaka sahani zikalia ndani.

Binti yao Sephora akatoka mbio.

"Papa, hii kintu itaangukia bantu! Jean-Luc akuye aikate."

Jean-Luc ni mumewe. Hana neno baya, ila msumeno anao.

"Mungoje siku ya Mungu."

"Na ikitetemeka tena?"

"Mutakata."

Germain angeweza kuyakwangua yale mawili ya zamani, yalingane na jipya. Hakutaka. Ile mikwaruzo ilikuwa ya mkono wa Gertrude, na mkono ule hautachonga tena. Akapigilia kipande cha bati kwenye lile jepesi. Mtambo ukatulia. Kisha upepo ukaongezeka, bati likachomoka, likatoboa paa la choo cha jirani.

"Papa Germain!" Mama Clotilde akapaza sauti. "Hata choo yangu ilikukosea nini?"

Siku ya Mungu, Jumapili, watu wakiwa misani, Germain akayashusha mabawa. Akaning'iniza fimbo kwa kamba barazani kama mizani, bawa jipya huku, la Gertrude kule. La Gertrude likashuka.

Akaokota chupa. Akakaa na lile bawa la Gertrude mapajani, akapitisha kidole kwenye mikwaruzo. Halafu akakwangua. Unga wa mbao ukamwangukia suruali, hakuupangusa. Fimbo ikalala sawa. Akachukua la pili.

Jean-Luc alipofika na msumeno, mtambo ulikuwa unazunguka. Akaweka kiganja kwenye mlingoti. Hautetemeki.

"Papa, ulifanya namna gani?"

 Germain alikumbuka siku ya kwanza ya mtambo, yeye ameshika bati na msumari, tayari kupigilia, na Gertrude anamzuia mkono. Akamwambia mkwewe maneno ya mkewe, vile vile alivyoyasema:

"Papa Sephora, usiongeze ku ile mwepesi. Upunguze ku ile muzito."